Sikutaja Jina

Jumatatu, 6 Mei

Kwa Mchungaji,

Salamu utazipata kwa wengine. Mimi naingia moja kwa moja kwenye jambo.

Jumanne ile nilikuja ofisini kwako nikafunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuambia kitu ambacho sijawahi kumwambia hata mama yangu mzazi: kwamba mwaka wa tatu wa ugonjwa wa mume wangu, nilipochoka kumgeuza kitandani na kufua mashuka kila asubuhi, niliomba Mungu amchukue. Nikakuambia alichukuliwa wiki ile ile, na kwamba siku ya mazishi nilijisikia mwepesi, halafu nikajichukia kwa wepesi ule. Nilitaka tu uniambie kama Mungu bado ananisikia au amenipa kisogo. Ulinishika mkono ukasema, "Haya yataishia humu ndani."

Yaliishia humo ndani siku tano. Jumapili ulipanda mimbarini ukasema, "Kuna mama mmoja, yumo humu humu ndani, fundi wa nguo, aliyeomba mumewe afe." Ukaeleza mashuka. Ukaeleza wepesi. Ukawauliza waumini, "Je, hiyo ni imani, au ni uchovu uliovaa nguo za imani?" Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mbele. Kanisa letu lina mafundi wa nguo wawili, Mchungaji, na mmoja wao ni mwanamume.

Jumatano nilitolewa nyumbani. Cherehani yangu ilitupwa uani, gurudumu likavunjika. Nakuandikia kutoka chumba cha uani, mji mwingine, kwa watu wasionijua. Simu nimeizima, kwa sababu kila ikilia ni shemeji anayetaka kujua nilimwekea kaka yake nini kwenye uji.

Sitaki uniombee. Nataka Jumapili usimame pale pale ulipokuwa umesimama, useme neno moja: nilikosea.

Ni mimi,
Fundi

*

Jumatano, 15 Mei

Mpendwa katika Bwana,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimepiga magoti, na nimeumia pamoja nawe.

Hata hivyo, niruhusu nikuongoze kama baba. Mimi sikutaja jina. Hiyo ni kanuni niliyoishika miaka kumi na tisa ya utumishi, na sijaivunja hata mara moja. Kama wapo waliounganisha wenyewe hili na lile, hilo ni la dhamiri zao. Wewe unajua kwamba mahubiri yasiyo na mfano hai ni mboga isiyo na chumvi. Watu wanasinzia, wanaangalia saa, wanarudi nyumbani walivyokuja. Jumapili ile watu saba walikuja mbele wakilia. Saba. Mmoja hakuwa amekanyaga kanisani tangu kubatizwa.

Kwa hiyo usione kwamba umeaibishwa. Ona kwamba umetumika.

Nakuwekea nakala ya Tafakari ya Wiki, ambayo sasa tunaichapa na kuwatumia ndugu walio mbali, ili usipungukiwe na neno huko uliko. Mama Mchungaji anakusalimu sana.

Wako katika utumishi,
Mchungaji

*

Jumatatu, 20 Mei

Mdogo wangu,

Unaendeleaje na mgongo? Nilikuambia kile kiti cha ofisini kitakumaliza. Weka mto.

Mchungaji wako amenijibu. Najua hukuiona barua, maana ameiandika kwa mkono, hakukupa uchape. Anasema nimetumika. Mimi, kama kitambaa cha kufutia meza. Neno moja nililomwomba hakulisema, na wewe unayemchapia mahubiri unajua vizuri kwamba halimo kwenye ya Jumapili iliyofuata wala ya jana. Basi nimemaliza kuomba.

Ile Tafakari aliyoniwekea nimeisoma mpaka chini kabisa, na chini kabisa kuna maneno ambayo bila shaka uliyachapa wewe: "Msomaji wa mbali, tuandikie lililokugusa. Ushuhuda wako unaweza kuwa mfano wa wiki ijayo." Nimeyasoma mara nne nikiwa nimeshika pasi, nikaunguza mfuko wa suruali ya mteja.

Sikiliza. Baada ya wiki mbili hivi itakuja barua ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Usishtuke ukikuta stempu ni ya mji huu. Mstaafu huyo ni mimi. Kuna mpiga chapa hapa barabarani, ana mashine yake chini ya mwavuli, anaandika chochote unachomtajia na hainui macho, na majibu yatakuja kwa sanduku lake la barua. Kazi yako ni ndogo: fungua kama unavyofungua barua zote, weka mezani kwake juu kabisa, nyamaza.

Nitampa mfano hai. Atautafuna kwa furaha, maana hajui kula kingine. Na ukishamshuka kooni nitamwambia ni wa nani. Ni jambo la mtu aliye karibu naye kuliko mimi na wewe. Usiniulize ni nani. Nataka siku moja tu ajue jinsi inavyokuwa kukaa kitini huku kanisa zima linamgeukia.

Dada yako

*

Jumapili, 26 Mei

Dada,

Mgongo upo tu. Mto nimeweka, mzee wa kanisa mmoja akaukalia, sasa ni wake.

Nimeisoma barua yako nikaichana vipande, halafu nikaviogopa vile vipande, nikaenda kuvichoma. Unajua mimi nilivyo. Tangu utotoni ukiiba sukari wewe, anayetetemeka ni mimi.

Dada, una haki ya kukasirika. Mimi ndiye niliyechapa yale mahubiri yaliyokuhusu, Ijumaa jioni, na nilipofika kwenye mashuka vidole vilisimama. Nilimwambia, "Mchungaji, hii watu watamjua." Akasema, "Jina liko wapi?" Nikachapa. Kwa hiyo sina uso wa kukukatalia kitu, na nadhani unalijua hilo ndiyo maana umeniomba.

Nitaiweka mezani. Juu kabisa. Lakini niahidi jambo moja: kwamba hakuna mwingine atakayeumia ila yeye. Niandikie tu hivyo, mstari mmoja, nilale vizuri.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 3 Juni

Kwa Mheshimiwa Mchungaji,

Mimi ni mzee mstaafu wa reli, mkaguzi wa tiketi miaka thelathini na mmoja, mjane. Tafakari zako huniletea jirani. Nazisoma kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na sijutii.

Umetualika kuandika lililotugusa. Mimi limenigusa suala lako la imani na midomo, na nina kisa cha kweli. Hapa kwetu kuna mama mmoja anayeheshimika sana. Hukaa mbele kabisa kila Jumapili, na wanawake wenzake humwangalia yeye ndipo wajue wakati wa kusimama. Mama huyu alizika mtoto mchanga miaka sita iliyopita. Tangu siku ile hawezi kuomba. Alijaribu, maneno hayakuja, akaacha kujaribu. Lakini atafanyaje, na macho yote yako kwake?

Zamani alikuwa mwalimu wa darasa la nne. Basi kiongozi akisema "Tuombe," yeye hufumba macho, huinamisha kichwa, na midomo inaanza kwenda. Wote huona anaomba. Kumbe anaita rejista. Anawaita wanafunzi wake wa zamani kwa mpangilio wa alfabeti, wote thelathini na wanane. Ombi likiwa fupi huishia katikati. Likiwa refu humaliza darasa zima akaanza tena na wachelewaji. Alimwambia marehemu mke wangu, naye akaniambia mimi.

Nimejiuliza, Mchungaji, huyu ana imani au hana? Mimi nilikuwa mtu wa tiketi tu. Aliyekuwa nayo alisafiri, asiyekuwa nayo alishuka. Nakuachia wewe.

Wako mtiifu,
Mstaafu wa Reli

*

Jumatatu, 10 Juni

Mzee wangu mpendwa,

Ubarikiwe, ubarikiwe. Sijapata barua ya namna hii tangu tuanze kuchapa Tafakari. Ile rejista! Niliposoma nilisimama kitini, katibu wangu akadhani naumwa.

Jumapili hii naanza mfululizo mpya, "Midomo Inayocheza," wiki nne, na kisa chako ndicho msingi. Nitakifanyia kazi kidogo. Uzoefu umenifundisha kwamba mfano wa mbali hauumi. Watu husema, "Maskini wale," wakaenda kula. Kwa hiyo sitasema ni wa kwenu. Nitasema yumo humu humu ndani, kama nifanyavyo siku zote, ili kila mmoja ajikague. Jina, bila shaka, sitalitaja, wala silijui.

Ukiwa na visa vingine usisite.

Wako katika utumishi,
Mchungaji

*

Jumatatu, 17 Juni

Dada,

Hukuniandikia ule mstari. Nimengoja. Haya, barua imewekwa mezani, na imefanya kazi uliyoituma.

Jana alihubiri dakika hamsini. Alikieleza kisa chote, na sehemu ya rejista akaiigiza: akafumba macho, akainamisha kichwa, midomo ikaanza kwenda tap tap tap bila sauti. Watu walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Halafu akabadilika ghafla, unamjua, akateremsha sauti, akasema, "Mnacheka. Yumo humu humu ndani. Miaka sita anatudanganya sisi na kumdanganya Mungu. Mama, inuka. Njoo hapa mbele. Leo ndiyo siku yako." Akanyoosha mkono. Hakuna aliyeinuka. Akasema, "Tutakungoja. Kila Jumapili tutakungoja, mpaka uje."

Ungekuwepo ungecheka na kulia. Ombi la mwisho kila mtu aliomba kwa sauti kama yuko sokoni, ili asishukiwe kwamba anaita rejista. Mzee yule aliyechukua mto wangu alikuwa anapaza sauti akiwa amefumbua macho, anakagua midomo ya wengine.

Aliyenishangaza ni Mama Mchungaji. Amekaa pale pale pake, mkoba magotini. Ombi lote hakufumba macho. Midomo imefungwa kabisa, kama mtu aliyeshika pini kwa meno. Ibada ilipoisha alinipita bila kunisalimu, na yule mama hajawahi kunipita hata siku moja. Nadhani anaumwa.

Dada, kisa hiki ni cha nani?

Mdogo wako

*

Ijumaa, 21 Juni

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni mwa posta, nikaangua kicheko mpaka mwenye duka la jirani akatoka kuangalia. Midomo tap tap tap. Nimemwona kama nilikuwepo.

Sasa nakuambia, maana imeshatoka mikononi mwangu. Mama Mchungaji haumwi. Kisa ni chake; mtoto walimzika na ualimu akauacha kule walikotoka, kabla hawajahamishiwa kwetu. Yule bwana amemwigiza mke wake mwenyewe mbele ya kanisa zima, amemwita mdanganyifu, amemnyooshea mkono, na hana habari. Miaka sita analala kitanda kimoja na yule mama, anakula meza moja naye, anaomba naye asubuhi na jioni, na hajajua. Anazijua siri za kanisa zima. Ya nyumbani kwake imempita.

Unataka kujua nimeipataje. Ile Jumatano niliyotolewa nyumbani, watu wote walisimama barabarani wakiangalia vitu vyangu. Yeye peke yake aliingia uani. Alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kanisani, lile nililomshonea mimi, akaanza kuokota pini zangu moja moja akizichomeka kwenye mkono wa gauni. Ndipo akaniambia. Alisema kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa, "Usidhani wewe tu."

Najua unachofikiri. Usikiseme. Nimekwisha kujiambia mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye cherehani ya kuazima, nikakanyaga kwa nguvu zaidi nisisikie. Mimi nilivuliwa nguo hadharani, na hakuna aliyesimama kanisani kusema inatosha, yeye akiwemo. Kuokota pini uani si kusimama kanisani.

Barua ya pili iko tayari, imechapwa, iko ndani ya bahasha. Ina mstari mmoja: "Mama wa rejista ni mkeo." Naituma wiki ijayo, akishakolea na huo mfululizo wake. Nataka awe amepanda juu kabisa ndipo aanguke.

Dada yako

*

Jumatatu, 1 Julai

Dada,

Leo sikuandikii nikiwa ofisini. Ufunguo wa ofisi nimenyang'anywa.

Kanisa limeshampata mama yake. Ni mimi. Nakaa kiti cha mbele kushoto, karibu na kipaza sauti, kwa ajili ya kuandika mahubiri. Nilifundisha watoto wadogo muhula mmoja kabla ya kupata kazi hii. Sina mtoto, kwa hiyo wameniundia mmoja, wakamzika. Na juu ya yote mimi ni mdogo wake yule fundi aliyeomba mumewe afe. Kwa hiyo ni ukoo. Jumamosi wazee watatu walinikalisha, wakaniambia nikitubu mbele ya kanisa kazi yangu naipata. Nikiendelea kukaidi, basi. Mchungaji alikuwepo. Alitazama mikono yake. Jana aliita tena, "Mama, njoo," safari hii akiwa ananitazama mimi, na watu wote wakanigeukia. Nimekaa kitini huku kanisa zima linanigeukia, Dada. Ndivyo ulivyoandika ungependa iwe, isipokuwa aliyekaa ni mimi.

Nimezisoma tena barua zako zote mbili kichwani, maana niliziteketeza. Ule mstari niliokuomba hukuuandika. Nilikudhania umesahau. Wewe husahau kitu? Wewe unakumbuka nani alikopa uzi mwaka juzi.

Ukituma barua yako ya pili mimi nitasafishika na yule mama atachafuka. Usipoituma, mchafu ni mimi. Naweza kusema mwenyewe, ninajua, nimeshafungua mdomo mara mbili. Lakini yule mama alipita kwangu Ijumaa, akakaa jikoni, akaninyooshea nguo zote zilizokuwa kwenye kamba bila kusema kwa nini. Nilishindwa.

Sikusaidii kuchagua. Safari hii tetemeka mwenyewe.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 8 Julai

Kwa Fundi,

Anwani yako nimepewa na mdogo wako. Sikumwambia ya nini, naye hakuuliza.

Nilijua ni wewe kabla hajamaliza rejista. Aliposema "mama mmoja" na "mtoto mchanga" nilikushuku, lakini nikajiambia wanaozika watoto ni wengi. Aliposema "wachelewaji" nilikuona umekaa mbele yangu. Wachelewaji sijamwambia mtu yeyote duniani ila wewe, na nilikuambia kwa sababu ulikuwa unalia na nilitaka ucheke. Ulicheka. Unakumbuka?

Jana aliita tena. Alisema, "Mama, hii ni Jumapili ya nne, Mungu amechoka kungoja," akamtazama mdogo wako. Nikaona mdogo wako anaanza kuinuka. Alikuwa anataka kwenda kutubu kosa langu apate kurudi kwenye mashine yake ya chapa. Basi nikasimama mimi. Nilisema, "Katibu hahusiki. Mama huyo ni mimi."

Nikuambie kilichotokea, maana nadhani umekingoja sana. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyepoteza ukurasa. Sijawahi kumwona hivyo. Halafu uso ukamrudia. Akashuka mimbarini, akanishika bega, akawaambia watu, "Wapendwa, mnaona upendo? Mama yenu ameona mwenzake anateseka akajitwika mzigo usio wake. Sasa niwaambie kweli: mfano ule ulitoka mbali, kwa barua, wala mama yule si wa hapa. Lakini mmeona imani kwa macho yenu." Watu walisimama wakapiga makofi. Wapo waliolia. Nilisema tena, "Ni mimi kweli," na kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kupiga makofi.

Mdogo wako amerudishiwa ufunguo. Wazee wamemwomba radhi, mmoja amemrudishia na mto.

Nyumbani mume wangu alikula vizuri. Alisema nimemwokoa. Nikamwambia kwa mara ya tatu. Akasema, "Inatosha sasa, usiulete mchezo nyumbani," akafungua daftari lake kando ya ile barua yako iliyochapwa, akaandika. Wiki ijayo ni mahubiri juu yangu, mke mwema.

Sikuandikii kukusamehe. Nadhani uliniandikia hatia kwamba sikusimama siku yako. Hilo nimelijua mwenyewe kabla yako, na ndiyo maana nilikuja uani. Nilikupa kitu kile usije ukafa na aibu peke yako. Wewe ukakipeleka kwa mpiga chapa.

Mama Mchungaji

*

Jumatatu, 15 Julai

Mzee wangu,

Nakuandikia kwa mkono, na nakuomba ujibu kwa mkono, usimpe mtu achape.

Mahubiri yanaendelea vizuri. Jana kanisa lilijaa hadi barazani. Sijambo, nashukuru.

Nina swali dogo kuhusu ule mfano wako wa rejista. Mama yule, anaishi huko huko kwenu? Ni mtu wa umri gani? Ulisema alimwambia marehemu mkeo; je, uliwahi kumwona kwa macho yako, akiwa amekaa kanisani kwenu? Unaweza kunielekeza hata kiti?

Utaniuliza kwa nini. Mke wangu alisema maneno fulani kwa upendo, na mimi nimeyapokea kama upendo. Nasi tulizika mtoto, na yeye aliwahi kufundisha, lakini niliposoma kisa chako nilidhani ni kufanana tu. Lakini tangu siku hiyo nina tatizo na sala. Asubuhi tukipiga magoti nasikia midomo yake, ile sauti ndogo ya midomo ikigusana, na badala ya kuomba nasikiliza. Juzi nilirefusha sala makusudi. Nilirefusha mpaka mimi mwenyewe nikaishiwa, nikawa narudia. Yeye aliendelea tu, taratibu, kama mtu mwenye orodha. Jana nikaifupisha ghafla, nikasema amina katikati. Alichelewa kuitika. Si sana. Nimejaribu kukumbuka sala zetu za miaka sita, za mezani, za safarini, ile ya kaburini kwa mtoto, na katika zote naona midomo yake inakwenda. Mimbarini nimeanza kusahau maneno.

Mzee, sitaki jina. Nataka tu uniandikie: mama yule ni wa hapa kwetu, namjua, nimemwona. Mstari mmoja unatosha. Nitashukuru ukiharakisha.

Mchungaji

*

Ijumaa, 19 Julai

Kwa Mama Mchungaji,

Sijui nianze na lipi, kwa hiyo naanza na barua ya mumeo, iko ndani ya bahasha hii. Isome kwanza.

Umesoma? Basi ujue kwamba nilipoisoma nilifurahi. Sitakudanganya tena. Nilikaa kwenye kizingiti nikaisoma mara tatu, na mara zote tatu nilisikia utamu. Neno moja alininyima, sasa ananiomba mstari mmoja, na anaharakisha. Nikachukua karatasi. Nikataka kumwandikia, "Mama wa rejista yuko nyumbani kwako." Barua yangu ya pili, ile iliyokuwa tayari, niliichoma siku niliyopata ya mdogo wangu, lakini maneno hayaungui, nayajua kwa moyo.

Halafu nikasikia aibu, na aibu ile haikumhusu yeye. Nilitaka kumvua nguo yeye nikakuvua wewe, uliyepiga magoti kwenye vumbi langu. Nilisema hukusimama. Umesimama mbele ya kanisa lile lile, kwa ajili ya mdogo wangu, wakati mimi nimejificha nyuma ya mzee wa reli asiyekuwepo. Nilikosea. Nimekuandikia kwa mkono wangu, na ukitaka nitakuja kulisema hapo mlangoni kwenu watu wote wakisikia.

Kuhusu yeye, bado namchukia. Hilo halijapungua na sitajifanya.

Lakini jambo ni lako, si langu. Naweza kumwandikia kwamba mama yule ni wa huku, namwona kila Jumapili, amevaa kofia ya bluu. Atapona, na wewe utarudi kwenye utulivu wako. Naweza kumwandikia kweli. Nitaandika unachoniambia, neno kwa neno, na safari hii hakuna kitakachotoka bila wewe.

Fundi

*

Jumatano, 24 Julai

Fundi,

Nimepokea, kwa mkono wa mdogo wako. Mimi na wewe tutaongea siku nyingine, na siku hiyo usitegemee chai.

Barua yake nimeisoma jikoni huku yeye yuko sebuleni. Sikujua kwamba anasikia midomo. Miaka sita nilitamani anisikie. Nilipokuwa naamka kitandani nalia alikuwa anaandika mfano. Nilipomwambia siwezi kuomba, miezi mitatu baada ya mazishi, alisema, "Utazoea," akaniuliza kama anaweza kulitumia bila kutaja jina. Nikasema hapana, ndipo nikaanza rejista. Hilo pia sikukuambia.

Sasa anasikiliza. Jana mezani alisema "Tuombe," akaomba maneno mawili, akanyamaza. Mimi nikaendelea na darasa langu hadi mwisho. Nilipofumbua macho chakula kilikuwa kimepoa, na alikuwa ananitazama mdomoni, jicho limemtoka kama mtoto anayengoja matokeo. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemjibu, nimeshamjibu mara tatu. Lakini anataka kuambiwa na mzee wa reli.

Usimwandikie kwamba ni mimi. Usimwandikie kwamba si mimi. Saa nne kila siku anakwenda mwenyewe kufungua sanduku la barua, hamtumi tena mdogo wako, na mimi namwangalia dirishani akiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mwache aingize.

Mama Mchungaji